Baba, Kwa Punda Ulikuwa na Subira

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika. Nimeanza na salamu kwa sababu nililelewa kuamkia kabla ya kusema jambo, na malezi hayamtoki mtu hata akiwa na hasira.

Siku ya kukuzika walisimama watu wengi kukusemea. Mchungaji alisema ulikuwa mtu mpole. Jirani yetu wa ng'ambo ya lambo akasema hajawahi kukuona ukiinua fimbo juu ya mnyama, na kwamba Masumbwe nzima imepoteza mtu wa kuwafunza punda. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Neno la watoto alipewa kaka Masanja, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye wa kiume. Mimi nilikaa na wanawake upande wa jikoni, hakuna aliyeniuliza kama nina la kusema. Ninalo, na nalisema hapa.

Waliyoyasema ni ya kweli, Baba. Hapo ndipo panaponiuma. Kama ungekuwa mkali kwa kila kiumbe, ningesema ndivyo ulivyoumbwa, nikakuacha. Lakini mimi nilikuwepo. Niliiona subira yako kwa macho yangu, ninajua ilikuwa nyingi kiasi gani, na ninajua uliipeleka wapi.

Nilikuwa mtoto mdogo uliponiita bomani mara ya kwanza. Kulikuwa na mwanapunda aliyeletwa na watu, mwoga, anayejibanza kwenye miiba ya uzio kila mtu akipita. Uliniambia nikae chini, nimpe mgongo, nisifanye kitu. Nikakaa. Jua likapanda, miguu ikafa ganzi, nikataka kugeuka kumwangalia, ukanizuia kwa sauti ya chini. Ulisema tumwache aamue yeye. Mwishowe nikasikia pumzi ya moto shingoni, na pua yenye unyevu ikaanza kunusa nywele zangu. Nilicheka. Ulinishika bega ukasema, "Wabeja," kama unavyomshukuru mtu mzima aliyekufanyia kazi.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wako wa bomani. Ulisema mimi ni mwepesi na sauti yangu haiwashtui. Tulianza na mikono. Ulinionyesha pale chini ya manyoya ya shingo ambapo punda hawezi kujikuna mwenyewe, tukashuka mabegani, siku nyingine mgongoni, siku nyingine miguuni, mpaka akubali tumwinue kwato tuisafishe. Halafu kamba. Ulimvisha shingoni ukaiacha aiburute mwenyewe, aone kwamba haimfanyi kitu. Halafu gunia tupu mgongoni, halafu gunia la pumba, akiwa nyuma ya mama yake kwenye njia ya lamboni. Na kila siku ulimfungua kabla hajachoka. Ulikuwa na usemi wako: mnyama akikukataa leo, ujue jana ulimharakisha.

Yule tuliyempenda kuliko wote alikuwa Chausiku. Mama yake alikufa wiki ileile aliyomzaa, nasi tukamlea kwa maziwa ya mbuzi, kwenye chupa ya soda tuliyoifunga chuchu ya mpira. Alitufuata kila mahali. Aliingia jikoni akala michembe ya Mama, vile viazi vitamu alivyovikausha, Mama akamfukuza na ufagio, wewe ukacheka mpaka ukashika nguzo ya mlango. Mvua za mwaka ule zilipofurika kijito, ulimbeba mabegani ukamvusha, koti lako umemfunika yeye, mimi nikakufuata nimeshika mkanda wako, maji yakinifika kiunoni. Nilikuwa natetemeka. Sikuona wivu hata kidogo. Niliona fahari kuwa na baba wa namna ile.

Unamkumbuka yule mtu aliyekuja na dume changa lenye vidonda vya fimbo matakoni? Alitaka umfunze haraka, kazi inamsubiri. Ulimzunguka yule punda ukimtazama, kisha ukamwambia mwenye punda mbele yetu sote, "Fimbo ni ya mtu aliyeishiwa maneno." Ulikataa kumrudishia mnyama mpaka vidonda vipone. Yule mtu aliondoka ameinamisha kichwa. Mimi nilikwenda kisimani nikawasimulia wasichana wenzangu maneno yako, neno kwa neno, nikijidai.

Nilimaliza darasa la saba, nikachaguliwa kwenda sekondari ya kata. Nilidhani umefurahi. Sare hukununua. Ulisema tungoje pamba iuzwe. Pamba ikauzwa, shule zikafunguliwa, wenzangu wakapita njiani na sketi mpya, nami nikaendelea kwenda bomani kila asubuhi nikijua kwamba wewe si mtu wa kuharakisha mambo, utanunua tu.

Ndipo akaja baba mdogo. Kwake punda alikufa, akaomba tumpe Chausiku amsombee maji. Chausiku alikuwa ameshakua, anapendeza, mtu asiyejua angemwona yuko tayari. Mlikuwa mmesimama kwenye uzio, mimi nafagia mavi. Ulimpapasa Chausiku mgongo kutoka mabegani hadi kiunoni, ukamwambia mdogo wako, "Bado. Mgongo haujafunga. Ukimbebesha sasa atapinda, na hatanyooka tena mpaka anakufa." Baba mdogo akasihi. Ukakataa. Alikasirika, akaondoka bila kuaga, nawe hukujali.

Wiki hiyohiyo wakaja wageni kutoka Geita. Mama akachinja kuku, akanituma niwanawishe mikono. Yule mkubwa wao alikuwa mtu mzima, umri wake ulikaribia wako. Alikuwa na karasha la kusagia mawe ya dhahabu na nyumba Kalangalala, hapo Geita mjini. Alininyooshea mikono nimmiminie maji, akanitazama kuanzia miguuni. Sikuelewa. Nilielewa siku iliyofuata, ng'ombe walipoanza kuingia zizini kwetu, na Mama akawa ananipita bila kuniangalia usoni.

Nilikufuata bomani. Ulikuwa unamfunga Chausiku kamba. Nilikuuliza kwa sauti ile ya chini uliyonifundisha mwenyewe.

"Baba, ulisema Chausiku hajakomaa."

"Ndiyo."

"Na mimi je?"

Ulimaliza kufunga fundo lako. Ulilikaza, ukalijaribu, ukaona limeshika. Kisha ukasema, "Mtoto wa kike hafananishwi na punda. Ng'ombe wameshafika. Nenda kamsaidie mama yako."

Hukupandisha sauti. Nimewaza sana juu ya hilo. Afadhali ungenifokea, maana ningejua nawe lilikusumbua. Ulisema kwa upole uleule, halafu ukageuka ukaendelea kumkuna Chausiku shingo.

Sitakueleza yote ya Kalangalala. Mengine si ya kuandikwa kwa mzazi, hata mzazi aliyenipeleka. Mume wangu hakuwa mtu wa kusubiri. Nilipoogopa alikasirika, nilipolia alinipiga, na niliponyamaza alisema nimeanza kuzoea. Mimba ilikuja kabla sijajua dalili zake. Nilipofikwa na uchungu nikapelekwa hospitali, muuguzi akanipima, akatoka kumwambia mume wangu, na mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia akisema nyonga zangu hazijakomaa, na kwamba hawa waliomwoza walimharakisha. Alitumia neno lako. Nilipasuliwa. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Nilikutumia salamu na dereva wa basi, uje. Ulikuja. Ulikaa sebuleni na mume wangu, mkanywa soda, mkazungumza habari za mvua. Alipotoka nje kuongea na simu nilipiga magoti mbele yako, mshono bado unaniuma, nikakuambia, "Baba, nipeleke nyumbani."

Ulitazama mlangoni kwanza. Kisha ukasema ng'ombe walishatolewa mahari ya mke wa Masanja, hawapo tena, na mtu hawezi kurudishiwa asichokuwa nacho mwenzake. Ukaniambia nivumilie, ndoa zote huanza hivyo. Na halafu, Baba, kwa kuwa uliniona nalia na ulitaka kunituliza, ukaniletea habari za Chausiku. Ulisema sasa anabeba madumu, anatembea vizuri, mgongo umenyooka kama ubao. Ulisema, "Nilimsubiri mpaka akafunga kabisa." Ulikuwa unatabasamu. Ulidhani umenipa zawadi.

Nilikusindikiza hadi stendi, nikasubiri gari lako liondoke. Njiani kurudi nilijua kwamba sina mtu wa kunitoa pale.

Nilijitoa mwenyewe. Asubuhi moja nilichukua ndoo kama ninayekwenda kuteka maji, nikaiacha bombani, nikapanda lori la wachimbaji. Nilipika machimboni, huko vijana wanakoshuka kwenye maduara kutafuta mawe ya dhahabu. Nililala kwenye kibanda cha maturubai na wanawake wengine. Huko nikawaona punda wakisomba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha, migongo imechubuka hadi nyama, na watoto wa punda wamefungwa mizigo kabla hawajaacha kunyonya vizuri. Niliyekuwa nampikia, Mama Neema, alikuwa na dume changa lililowauma watu wawili. Alitaka kuliuza kwa wachinjaji. Nilimwomba anipe muda. Nikaingia uzioni, nikakaa chini, nikalipa mgongo. Wachimbaji walisimama kunicheka. Wengine walirusha vijiwe. Nilikaa pale mpaka wakachoka wao, wakaenda zao, na yule punda akaja.

Hivyo ndivyo nilivyopata kula. Watu wakaanza kuniletea punda wao wachanga. Baadaye nikahamia Shinyanga, nikapata punda wangu na mkokoteni, nasomba maji na mchanga wa ujenzi pembezoni mwa mji. Nimejenga chumba na sebule. Kazi yako ndiyo iliyonilisha, Baba. Ningependa kukunyima sifa hiyo, ila siwezi.

Siku moja Mama alinipigia simu, anaongea kwa kunong'ona. Wezi wa ngozi za punda walikuwa wamepita kijijini. Chausiku alikutwa kichakani amechunwa, mzoga umeachwa. Mama alisema ulikaa karibu na ule mzoga siku nzima, ukalia kama mtoto, na chakula hukugusa. Nami nililia, kwa sababu nilimpenda. Lakini nilipokata simu nilijiuliza kama uliwahi kulia ulipotoka Kalangalala, ndani ya basi, hata machozi ya njiani tu. Sikumuuliza Mama. Niliogopa angenijibu.

Ulipougua ukaletwa hospitali ya mjini kwetu Shinyanga. Masanja alinipigia, akasema mimi ndiye niliye karibu. Nilikuja na uji. Ulikuwa umekonda hadi saa yako ikawa inateleza mkononi. Uliniita jina langu vizuri, "Minza," ukaniambia nisogeze kiti.

Tuliongea alasiri nzima. Uliniuliza ninafanyaje nikiletewa punda aliyepigwa sana, ninaanzia wapi. Nikakujibu ninaanzia mbali. Ulicheka mpaka ukakohoa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka naye bila kujua tunacheka nini. Ulinisimulia habari za punda niliowasahau. Uliushika mkono wangu ukaupapasa kiganja, ukasema una sugu kama zako. Nami nilikuwa nasubiri. Nilijua huwezi kulisema lile neno la kuniomba radhi mara moja, kwa hiyo sikukusukuma. Nilinyamaza kila uliponyamaza, nikakupa nafasi. Muda wa kuona wagonjwa ulipoisha ulisema, "Uje na kesho." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga. Nilijiambia amesogea, kesho atasema.

Kesho yake ulikuwa huwezi kuongea. Wiki hiyo ukafariki.

Sikiliza basi kilichotokea baada ya kukuzika, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike. Ningeweza kuishi na ukimya wako. Nilikuwa nimeshaamua kuuita aibu. Nilijiambia mzee alitaka kusema, aibu ikamshika, mauti yakamuwahi, na nikaanza kukusamehe kidogo kidogo, pale pale matangani, nikiosha vyombo.

Masanja akaniita kwenye kikao cha ukoo. Nilishangaa, maana siitwi. Wakaniambia nikae. Masanja akaeleza kwamba Kabula, binti yake, amepata mchumba, mtu wa machimboni, mwenye uwezo. Kwamba wazee wa upande wa pili walishakuja. Na kwamba mimi kama shangazi nitakaa na mtoto nimfunde.

Nilisema Kabula yuko kidato cha pili.

Masanja akasema, "Baba aliacha neno. Sisi ni kulitimiza tu."

Nikauliza uliliacha lini. Wakaniambia: kabla hujapelekwa hospitali. Wageni walikuja nyumbani, ukakaa nao wewe mwenyewe, ukawakubalia wewe mwenyewe.

Nilikaa pale nikahesabu nyuma. Ile alasiri tuliyocheka, Baba, neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwako. Ulikuwa umelala pale, umeshika mkono wangu, unanisikiliza nikieleza jinsi ninavyowasubiri wanyama wadogo wakomae, na nyumbani ulikuwa umeshamtoa mtoto mwingine. Haikuwa aibu iliyokunyamazisha. Hukuwa na neno la kuniambia. Ulikuwa umelala na amani yako.

Nilitoka nje. Kabula alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nilichuchumaa kando yake nikamuuliza kama amesikia habari zake. Hakuinua uso. Alisugua hata mahali palipokwisha kutakata, kisha akasema, "Shangazi, shule inafunguliwa Jumatatu."

Nikarudi ndani, nikawaambia Kabula anaondoka na mimi kwenda Shinyanga, atasoma huko, na kwamba kabla ya kupanda gari nitapita ofisi ya mtendaji kutoa taarifa. Nilisema ng'ombe hawajafika, hapa hakuna cha kurudisha. Sikupandisha sauti. Masanja alisimama, akaniambia navunja neno la baba hata kaburi halijakauka. Baba mdogo akasema mwanamke aliyekimbia ndoa atafundisha nini mtoto.

Mama ndiye aliyenishangaza. Mama, ambaye siku yangu alinipita bila kuniangalia, aliinuka polepole akaingia ndani. Tulidhani amekwenda kulia. Akatoka na begi la shule la Kabula, sare imekunjwa juu yake, akaniwekea miguuni. Akamwambia Masanja, "Mwache aende. Mimi sitapika tena chakula cha wageni hao." Halafu akakaa chini mahali pake, akajifunika kanga kichwani, na hakuna aliyethubutu kumjibu mjane.

Tuliondoka mchana uleule. Mtendaji alituandikia barua, na wale wageni, walipopata habari kwamba serikali inajua, hawakuonekana tena. Kabula amehamia shule ya hapa. Analala chumbani kwangu, ananisumbua kwa kuacha taa inawaka akisoma. Yeye hawapendi punda. Anawaogopa, anasema wananuka, anapita ukutani akienda chooni ili wasimguse. Sijamlazimisha kuwasogelea, wala sitamlazimisha.

Masanja hajanipigia simu tangu siku ile. Nimesikia kwamba siku ya kujengea kaburi lako sitaitwa. Nimewaza kama inaniuma, nikaona inaniuma, nami sikutarajia. Wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu ninachokijua kwa mikono yangu, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuniambia wabeja kwa namna ile uliyoniambia mara ya kwanza bomani. Nilikupenda sana, Baba. Ningekupenda kidogo, ningepona mapema.

Wanasema nimevunja neno lako. Ni kweli, nimelivunja. Ningelivunja hata ungekuwa umekaa pale kwenye kiti chako ukinitazama. Linalonisikitisha ni moja tu: kwamba hukuwepo ukaona.

Kwaheri. Sikuombei mabaya. Mema nawaachia wakuombee wale waliosimama kukusifu.

Ni mimi binti yako, uliyemwoza,
Minza